Anti, lekchara kasema wenye usonji hawana maadili kamili, na mimi nimekaa mstari wa tatu

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 22, nakaa Kimara, nipo mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dar, nasoma falsafa na maadili. Hii degree nimeichagua mwenyewe, hamna aliyenilazimisha, maana tangu form five nilikuwa napenda maswali ya haki na uongo na kwanini mtu atende jema hata kama hamna anayemuona. Mwaka jana daktari akaniambia nina usonji, yaani autism. Kabla ya hapo nyumbani niliitwa mbishi, shuleni niliitwa bubu, bibi yangu mzaa baba alikuwa anasema nimerithi moyo mgumu wa babu. Nilivyoambiwa nililia siku mbili alafu nikatulia, maana mambo mengi ya utotoni yalieleweka siku hiyo.

Sasa shida ni hizi kozi zenyewe. Mantiki nilipata A, yale majedwali ya ukweli, unapewa kanuni, unaifuata, jibu linatoka. Ila kozi ya maadili kwenye zile alama 40 za kabla ya UE, ule mtihani wa mwisho wa chuo, mpaka saivi nina 15, na nimepiga msuli kuliko wote ninaowajua, nakesha, desa zote, yaani notsi za kozi, ninazo, nimesoma hadi vitabu ambavyo hatujaambiwa tusome.

Kwenye semina lekchara aliuliza, treni imekata breki inaenda kuua watu watano, wewe umesimama pembeni kwenye swichi, ukivuta inahamia reli nyingine yenye mtu mmoja, unafanyaje. Nikanyoosha mkono nikauliza wale watu wamefungwa au wanafanya kazi, treni ina honi, na iko umbali wa mita ngapi, maana kama iko mbali naweza kuwapigia kelele wakatoka. Darasa zima likacheka. Lekchara akaniambia nisikwepe swali. Anti sikukwepa, nilitaka kujua ili nimjibu ukweli.

Wiki iliyofuata likaja swali la muuaji anagonga mlango anamuulizia rafiki yako ambaye umemficha ndani, utadanganya? Nikasema mimi nisingedanganya, ningekaa kimya au ningefunga mlango. Kijana mmoja akasema we kweli roboti, yaani umuache mwenzio achinjwe. Tangu siku hiyo kwenye grupu la WhatsApp la darasa naitwa Roboti.

Asaimenti yetu ilianza na neno Jadili. Nikaandika kurasa nane, nikamweleza Kant, yule mwanafalsafa wa Ujerumani, vizuri kabisa, ikarudi na wino mwekundu chini: "Umeeleza tu. Sauti yako iko wapi?" Hiyo karatasi nimekaa nayo kitandani hadi taa za jirani zikazimwa, nilidhani analalamikia Kiingereza changu. Nikaenda ofisini kwake akasema nikasome tena nitaelewa, kwenye falsafa hakuna jibu sahihi wala la makosa. Sasa kama hakuna jibu la makosa zile alama 25 zimeenda wapi?

Lililofanya nikuandikie ni la Alhamisi iliyopita. Lekcha ya saa nane mchana, feni moja inakwaruza kila ikizunguka, nilikuwa nimeshaanza kuihesabu ili nisitoke nje. Tupo kwa Hume, mwanafalsafa wa Uskoti. Akasema maadili yanatokana na kuhisi maumivu ya mwenzako, ndo maana mtu asiye na huo uwezo, akasema mfano wenye usonji, hawezi kuwa na maadili kamili, anafuata sheria tu kama mashine. Akapitisha slaidi. Watu wakaandika. Mimi nipo mstari wa tatu kutoka mbele, na peni yangu ikaandika pia, "wenye usonji = hapana", kwa mwandiko wangu mwenyewe. Lekchara hajui kuhusu mimi, darasani hamna anayejua.

Anti mdogo wangu akiwa na homa mimi silali, nakaa nasikiliza anavyopumua. Ila usoni haionekani, hata mama huwa ananiuliza mbona wewe hata huonyeshi kuguswa.

UE imebaki wiki sita. Mama anataka nihamie uhasibu. Naomba uniambie, alichosema lekchara ni kweli? Nina uwezo wa hii kozi au najidanganya? Na nimwambie?

Binti wa Kimara

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi mwenyewe nimesoma falsafa na nimesimamia semina za wanafunzi miaka kadhaa kabla sijaanza kuandika huku, na mtoto wa dada yangu ana usonji, kwahiyo nakujibu kama mtu aliyekaa pande zote za hiyo meza. Naanza na la Alhamisi kwasababu hilo ndo lenye jeraha.

Alichosema si kweli. Na nataka ujue si kweli kwa namna ambayo unaweza kuisimamia kwenye mtihani, sio kwasababu Anti kakuonea huruma.

Kitabu cha Hume chenye hoja hiyo kilichapishwa kati ya mwaka 1739 na 1740. Maelezo ya madaktari yaliyoufanya usonji ujulikane yalikuja mwaka 1943 na 1944, Leo Kanner akiwa Marekani na Hans Asperger akiwa Austria. Kwahiyo huo mfano sio wa Hume, ni wa watu waliokuja baadae kumtumia Hume, na kati ya wanafalsafa wenyewe umeshajadiliwa na kupingwa. Mwaka 2002 Jeanette Kennett, mwanafalsafa wa Australia, aliandika makala kuhusu jambo hilihili, usonji, huruma na uwezo wa mtu kuwa na maadili. Hoja yake kwa ufupi: watu wenye usonji wengi wanapata shida kusoma hisia za wengine, lakini wanajali sana kutenda lililo sawa, wanasumbuka kujua lililo sawa ni lipi, wanaumia wakigundua wamekosea. Sasa kama ndo hivo, basi kinachomfanya mtu awe na maadili hakiwezi kuwa ile huruma ya kuhisi tu, lazima kuna kitu kingine, na yeye akasema hicho kitu kipo karibu zaidi na alichokuwa anakisema Kant, kuheshimu sababu za kutenda. Umeona kilichotokea hapo? Alichukua watu kama wewe akawafanya ushahidi dhidi ya Hume. Lekchara wako kachukua kisa kilekile akakigeuza kuwa ushahidi dhidi yako.

Na hapo hujafika mwisho, maana hata ile sehemu ya kwanza, kwamba wenye usonji hawaelewi hisia za wengine, nayo ina pingamizi. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa sosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alisema kutoelewana kunatoka pande mbili. Mwenye usonji anashindwa kumsoma asiye na usonji, na asiye na usonji naye anashindwa kumsoma mwenye usonji, ila lawama inaenda upande mmoja tu kwasababu upande mmoja ndo wengi. Rudi kwenye ile semina yenu. Mtu kauliza swali kwa dhati, watu arobaini wakacheka, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba kaumia. Nani hapo alishindwa kuhisi?

Alafu kuna hili letu la nyumbani, sijui kama mlishalifundishwa. Tukisema fulani ana utu tunaangalia alifanya nini. Msiba ukitokea tunaona nani alikuja akateka maji, nani alilala matangani, nani alichanga. Kuna watu wanalia kwa sauti getini na wiki nzima hawaonekani tena. Wewe unakaa usiku unasikiliza pumzi za mdogo wako, mama anatafuta hilo jambo usoni kwako wakati lipo kwenye kiti ulichokalia pembeni ya kitanda.

Ule mstari ulioandika kwenye daftari usiufute. Andika chini yake Kennett 2002, Milton 2012. Hilo ndo jibu lako la Hume kwenye UE, na nakuhakikishia kwenye hilo darasa hamna mwingine atakayekuwa nalo.

Sasa treni. Ulipokuwa primari lazima ulikutana na lile fumbo la mtu anavuka mto na chui, mbuzi na majani, mtumbwi unabeba kimoja tu kwa safari. Hakuna mtoto anayeuliza kwanini asitafute mtumbwi mkubwa, kwasababu mtumbwi mdogo ndo fumbo lenyewe, ukiubadilisha hamna fumbo. Swali la treni ni mtumbwi mdogo. Honi haipo, kelele hazisikiki, watu hawatoki, sio kwamba ni kweli haiwezekani, ila aliyetunga kaziba hiyo milango makusudi ili ubaki na kitu kimoja tu cha kupima: je kuna tofauti kati ya kuua na kuacha watu wafe? Lekchara alitakiwa akwambie hivo badala ya kusema unakwepa. Wenzako hawakuambiwa pia, wao wameizoea tu bila kujua wameizoeaje.

Ila usitupe ile tabia yako ya kuuliza, maana hiyo ndo falsafa yenyewe. Swali la treni lilianza na Philippa Foot, Uingereza, mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na kwake anayeamua ni dereva mwenyewe. Akaliweka pembeni ya kisa kingine cha hakimu ambaye akimnyonga mtu asiye na hatia anazuia fujo zitakazoua wengi, akauliza mbona kwenye treni tunaona sawa na kwa hakimu tunaona vibaya wakati hesabu ya watu inafanana. Baadae Judith Jarvis Thomson, Mmarekani, akauliza na kama anayevuta sio dereva, ni mtu baki tu aliyesimama pembeni? Na kama hakuna swichi, ila kuna mtu mnene juu ya daraja ukimsukuma treni inasimama? Unaona anafanya nini, anabadilisha kitu kimoja kimoja, kama wewe ulivyotaka kufanya, lakini anabadilisha kile kinachogusa haki na lawama, haulizi kile kinachofungua mlango wa kutokea. Kwahiyo ukiwa na swali kichwani jiulize kwanza, jibu la hili swali langu likibadilika, lawama itahama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine? Kama ndio, liulize, hilo ni dhahabu. Kama linaokoa watu wote tu, liache, limezibwa. Swali lako la "wamefungwa au wanafanya kazi" lilikuwa zuri sana, maana aliyefungwa na mtu mwingine na aliyekubali kazi ya hatari mwenyewe hawako sawa. La mita ndo lilizibwa.

Na ujue huyo Thomson mwaka 2008, baada ya kuliandikia hili swali kwa zaidi ya miaka thelathini, alibadilisha msimamo, akasema yule mtu wa pembeni hana ruhusa ya kuivuta ile swichi. Hakubadilika kwa kujisikia tu, alipata sababu.

Hiyo inanileta kwenye zile alama 25, na hili swali lako naliheshimu kuliko yote uliyoandika. "Hakuna jibu sahihi" ni sentensi mbaya ambayo walimu tunaisema kwa haraka. Maana yake halisi ni kwamba alama hazitolewi kwa upande uliochagua, zinatolewa kwa sababu ulizotoa na jinsi ulivyompokea anayekupinga. Ukichagua upande wowote bila sababu, umekosa. Ukitoa sababu lakini ukajifanya hamna mtu mwenye akili anayepinga, umekosa nusu. Zile 25 zimeenda huko, hazijapotelea kwenye Kiingereza chako.

Chukua hilo swali la muuaji walilokuitia Roboti. Mwanangu, ulichokisema ni karibu na msimamo wa Kant mwenyewe, aliuandika mwaka 1797 akimjibu Mfaransa Benjamin Constant, na hajawahi kuondolewa kwenye vitabu. Mlango wako wa kukaa kimya Kant kauziba, yeye anasema tuchukulie huna namna, lazima ujibu ndio au hapana. Umesema nisingedanganya, ukaishia hapo. Sasa ona ikiendelea, utaandika kwa Kiingereza chuoni ila kwanza ifikirie hivi:

"Nisingedanganya. Nikidanganya nachukua juu yangu matokeo ambayo siwezi kuyatawala: naweza kusema hayupo, kumbe rafiki ameshatokea dirishani, muuaji akaondoka mlangoni kwangu na kukutana naye njiani. Atakayenipinga atasema muuaji hana haki ya kuambiwa ukweli, kwahiyo simkosei nikimdanganya. Pingamizi hili lina nguvu, na linanilazimisha nieleze kama wajibu wa kusema kweli unamhusu yule ninayeongea naye au unamhusu kila mtu. Mimi nadhani unamhusu kila mtu, kwasababu..."

Sentensi tano tu na moja haijaisha. Msimamo upo, sababu ipo, mpinzani kapewa nafasi yake na kapewa kwa heshima, na umeonyesha swali linapokwama. Hiyo ndo "sauti" aliyokuwa anaitafuta kwa wino mwekundu, na ndo maana ya neno Jadili. Chukua ile karatasi ya kurasa nane, na peni. Kila sentensi inayomhusu Kant weka K pembeni, inayomhusu mwingine weka W, sentensi ambayo ni wewe unasema nadhani hivi kwasababu hii weka M. Ukurasa usio na M hata moja umeeleza tu. Nadhani utakuta kurasa saba nzima ni K, na utakuta pia umemwelewa Kant kuliko wengi, kwahiyo kazi iliyobaki ni ndogo kuliko unavyoiona. Kila jibu la UE ukilimaliza lipitie hivo kabla hujageuza ukurasa.

Kumwambia lekchara: ni siri yako, hakuna wa kukulazimisha. Ila mimi ningekushauri umwambie, kwa maandishi sio kwa kumvizia mlangoni, alafu usianze na Alhamisi. Anza na unachohitaji. Mfano: "Habari Dokta. Mimi ni mwanafunzi wako wa kozi ya maadili. Nina usonji, na maelekezo nayaelewa vizuri yakiwa yameandikwa. Naomba maswali ya semina siku moja kabla, naomba niruhusiwe kutoa mchango wangu kwa maandishi pale ninaposhindwa kuongea, na naomba kuona mfano wa esei iliyopata alama nzuri." Basi. Ukiona amepokea vizuri, barua ya pili mwambie kuhusu Kennett na Milton na kwanini ule mfano ulikuumiza. Mimi naamini walimu wengi wanasema vile kwa kutojua, mara nyingi ni kitu walichosomeshwa wao wakakibeba hivohivo. Asipojibu, nenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi na karatasi yako ya daktari, uliza nani anashughulikia wanafunzi wenye mahitaji maalum, omba muda wa ziada na chumba tulivu kwa ajili ya UE, kisicho na feni kama ile. Usiende kama mtu anayeomba msaada. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na ule mkataba unasema wazi kwamba elimu ya juu imo ndani. Wahi, hizi barua zina foleni, wiki sita ni chache.

Hilo jina kwenye grupu, mwambie CR wenu, yule mwakilishi wa darasa, mara moja kwamba hulitaki. Huna haja ya kueleza kwanini.

Mama usigombane naye. Anaogopa udisko, yaani ufeli uondolewe chuo, ubaki nyumbani bila kitu, na anaona uhasibu una jibu mwisho wa ukurasa. Mwonyeshe A ya mantiki, alafu mwombe akusubiri mpaka matokeo ya UE, ukikamata sapu, yaani mtihani wa marudio, mkae mzungumze tena. Ila kama unahama, hama kwasababu umeipenda hesabu, usihame kwasababu darasa moja lilicheka. Umeingia huku kwasababu ulitaka kujua kwanini mtu atende jema hata kama haonekani, na kwa barua yako hiyo hamu bado ipo nzima.

Leo kabla hujalala andika aya moja tu ya Hume, kwa ule mpangilio wa sentensi tano, ukiwa na Kennett ndani yake. Nitumie hapahapa, nitaisoma na kuiwekea K, W na M mwenyewe.

Anti